Tyson Husimama Hapa

Suruali ilikuwa imelowa tena. Nabwire aliiona kabla hajauona uso wa mumewe, maana siku hizi macho yake yalikuwa yamezoea kuanzia chini, kwenye mapindo, kisha kupanda polepole kama ya askari anayekagua mzigo. Ilikuwa imelowa hadi magotini. Kijiji cha Malinya hakikuwa kimepata mvua kwa majuma, mahindi yalikuwa yamekauka mashambani yakingoja kuvunwa, na vumbi la barabarani lilikuwa limeanza kuingia hadi kwenye sufuria. Lakini Makhanu, mumewe huyo, alikuwa amepata maji mahali.

"Umerudi, Baba Mmbone."

"Nimerudi."

Akamsogelea kumpokea koti. Lilikuwa koti zito la kijivu, la kuvaliwa na mlinzi wa usiku, na kwa nini mtu alivae wakati hata kuku wamelala chini ya ghala kukimbia joto, hilo nalo Nabwire alikuwa ameliweka akiba moyoni pamoja na mengine. Alishalipekua koti hilo mifukoni mara nyingi akitafuta kichupa, na hakupata ila makombo ya mahindi ya kuchoma. Hata hivyo alipenda kulipokea, kwa sababu lilimpa ruhusa ya kuifikisha pua yake karibu na mdomo wa mumewe bila kuonekana mwanamke wa vituko. Akavuta hewa. Ng'ombe, jasho, tope. Makhanu naye akashusha pumzi ndefu usoni pake, kama alivyofanya kila jioni akifika mlangoni, na Nabwire akaona hiyo ni adabu mbovu ya mtu anayetaka ahurumiwe kwa kutembeza ng'ombe.

"Mbona umelowa?"

"Mtoni."

"Kwani daraja limeanguka?"

"Daraja liko."

Basi. Akaenda kumfunga Tyson, fahali wake, kwenye mti wa nyuma ya nyumba, akamletea nyasi na maji, akarudi kunawa mikono. Wakala obusuma, ule ugali wa jioni.

Pumzi isiyo na harufu haikumtuliza Nabwire. Angetulizwaje? Alikuwa ameolewa na mlevi kwa muda mrefu wa kutosha kuijua elimu yote ya walevi. Zamani Makhanu alikuwa akitafuna majani ya mpera mpaka midomo inageuka kijani, kisha anaingia nyumbani akiongea kwa upole wa padri. Siku nyingine alikuwa akitafuna vitunguu vibichi. Na suruali hii ya kulowa, Nabwire aliijua vizuri kuliko alivyojua nguo zake mwenyewe. Kutoka kwa Jescah, mama pima aliyeuza pombe pale darajani, hadi nyumbani kulikuwa na ukingo wa mto, giza na miguu isiyosikia amri, na enzi zile haikupita wiki bila Makhanu kuanguka humo na kuja amelowa akidai kwamba alikuwa akimsaidia mtu.

Alikuwa ameacha. Ndivyo ilivyosemekana. Aliacha baada ya aibu ya uwanjani, siku Tyson alipopelekwa kupigana na fahali mwenzake akiwa hajawahi kutembezwa hata hadi kwa jirani. Vijana walikuwa wameimba, ngoma za isukuti zikalia, umati ukajaa pande zote, na fahali yule akagonga pembe mara moja, akahema kama mzee anayepanda mlima, akageuka akakimbia kupita katikati ya watu hadi shamba la miwa. Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Mwenye fahali hakuona lolote, kwani alikuwa amelala kando ya ua na mdomo wazi, na waliokuwa wakicheka waliruka miguu yake wakipita.

Jioni ile alipozinduka alianza kuapa. Nabwire alimkatiza. Alikuwa ameshiba viapo: kiapo cha kipaimara cha mtoto wao Mmbone, kiapo cha mazishi ya mama mkwe, viapo vya kila mwaka mpya. "Usiniambie tena neno lolote kuhusu pombe," alimwambia. "Zuri wala baya. Maneno yako yamenitoka puani." Makhanu akafunga mdomo, na kuanzia kesho yake akawa anachukua kamba kila jioni, saa ile ile ya zamani ya kwenda kwa Jescah, na kutoka na Tyson. Neno hakusema tena. Nabwire ndiye aliyeagiza kimya hicho, na sasa kilikuwa kinamkosesha usingizi.

Chini ya kitanda kulikuwa na begi. Ndani yake mlikuwa na nguo zake na za Mmbone aliyekuwa shule ya bweni, vyeti vya kuzaliwa, na lile blanketi alilopewa na mama yake. Dada yake Khasandi, muuza mitumba wa Lubao, alikuwa na chumba kitupu nyuma ya duka.

"Nipe jibu kufikia Jumapili," Khasandi alikuwa amemwambia kwa simu. "Kuna mwalimu anakitaka. Na mimi nakwambia ukweli, dada yangu, mtu huyo ameonekana. Shemeji ya jirani yenu Lihanda alimwona jioni amesimama karibu na kwa Jescah. Amesimama tu na ng'ombe, anaangalia kule ndani. Sasa mtu anaangalianga nini huko kama hajaenda kunywa?"

Nabwire alikuwa amejiwekea sharti moja, na alilishika kama mtu anavyoshika ukingo wa kitanda akiumwa: siku atakapojua kwa hakika kwamba Makhanu amerudia, ataondoka, na hatasubiri aombwe msamaha. Hakutaka kuondoka kwa uvumi. Alikuwa anampenda bado, hilo lilimuudhi kuliko yote, na hakutaka kuja kukaa Lubao akijiuliza maisha yake yote kama alimdhulumu.

Alhamisi simu ilikuja kutoka Lugari. Kaka mkubwa wa Makhanu, aliyekuwa na shamba kule, alikuwa ameanguka kutoka juu ya trela na kuvunja mguu, na mahindi yake yalikuwa yamekatwa yamelala nje. Makhanu alipaswa kwenda asubuhi, alale huko, arudi Jumamosi jioni.

"Nimemwambia Lihanda aje amtembeze Tyson," alisema Ijumaa asubuhi akifunga kamba za viatu. "Asikose kutembea. Hata kama ni kidogo, atembee."

"Siku moja itamfanya nini?"

Makhanu alifikiri. "Siku moja ndiyo inaleta ya pili," akasema, akavaa koti lake la mlinzi kwenye jua lile, akaenda.

Nabwire alibaki akihesabu mabaya. Lugari wakati wa kuvuna haikosi mtungi wa busaa, pombe ya nafaka, kwa ajili ya wasaidizi. Wanaume wangekaa kuuzunguka na mirija yao, na nani angemkatalia kaka mgonjwa? Alitoa begi chini ya kitanda, akaongezea sweta ya Mmbone, akalirudisha. Halafu akakaa pale kitandani, na wazo likamjia ambalo lilimfanya acheke peke yake kwa hasira.

Watu husema uongo. Mume angeficha, Jescah angemkingia mteja wake, na shemeji ya Lihanda alikuwa mmbea tangu kuzaliwa. Lakini kila jioni kulikuwa na mwingine aliyekuwako, aliyeona yote, asiyejua kumkingia mtu. Ng'ombe akipitishwa mahali kila siku, hata ukimwachia kamba, atapita pale pale. Kila mtoto wa Malinya aliyechunga anajua hivyo.

Lihanda alipokuja jioni alimkuta Nabwire ameshafungua kamba mtini.

"Shemeji, wewe?" Lihanda alisimama na mikono kiunoni. "Mwanamke na fahali wa vita? Watu watasema nini?"

"Nani humpa nyasi asubuhi? Ni wewe? Nenda nyumbani, Lihanda."

"Akikutupa mtaroni usiseme sikukuonya."

"Sitasema."

Tyson hakumtupa popote. Alikuwa amenenepa mabegani, ngozi inang'aa, na hakuhema tena kama zamani. Alitoka langoni bila kuulizwa na kushika barabara. Nabwire aliiacha kamba ilegee kabisa, akawa anafuata kama mtu aliyepelekwa mahakamani na shahidi wake mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakianika mahindi walimsalimu, "Mulembe, Mama Mmbone," kisha wakageuka kuangaliana. Akaitikia bila kusimama.

Walipofika njia panda, mahali barabara inapogawanyika, Tyson alisimama.

Mkono wa kulia barabara ilikwenda darajani, na kabla ya daraja, kando yake kabisa, kulikuwa na lango la mabati la Jescah. Lilikuwa wazi. Sauti za wanaume zilitoka ndani, mtu akikohoa, mwingine akicheka kicheko cha kulegea, na upepo ulileta ile harufu ya uchachu ambayo Nabwire angeitambua hata akiwa kaburini. Fahali aligeuza kichwa upande ule, akatulia. Nabwire alitingisha kamba. Tyson hakujali. Alisimama kwa raha zake, akitafuna, kama mtu aliyefika kituo chake.

Basi ni hapa, Nabwire akajiambia. Aliwaza jinsi alivyompokea koti kila jioni, jinsi alivyompikia, jinsi ambavyo siku mbili tatu alijiruhusu hata kuimba akiosha vyombo. Mjinga wa Malinya nzima alikuwa yeye. Akaona aibu, kisha hasira, na hasira ilikuwa afadhali kwa sababu ilimpa miguu. Alikuwa anataka kumgeuza fahali arudi nyumbani akamalizie begi, wakati Jescah alipotokea langoni akijifuta mikono kwenye leso.

"Leo umetumwa wewe?" Jescah aliuliza. "Yeye ni mgonjwa?"

"Unamngoja?" Nabwire alisema. "Mteja wako amekwenda Lugari."

"Mteja?" Jescah alicheka, lakini hakufurahi. "Mama Mmbone, mume wako alinihama kitambo, halafu wewe unakuja kunitusi mlangoni kwangu? Anasimamanga hapo ulipo. Hapo hapo. Mwanzoni nilimwita, nikamwambia kuja, cha leo ni bure. Alisimama mpaka nikafikiri ameota mizizi. Jasho lilikuwa linamtoka kama anabeba gunia. Hakuja. Nikasema huyo kesho atakuja. Kesho akasimama tena."

"Kisha?"

"Kisha anateremka na huko." Alionyesha kushoto kwa kidevu. "Siku hizi hakai sana. Anasimama kidogo tu, halafu anaenda. Mimi nishachoka kumwita."

Nabwire hakuamini neno. Huyu alikuwa mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia wake za watu kwamba waume wao hawajaonekana, huku waume wamejificha nyuma ya pipa. Akafungua kinywa kumjibu maneno ambayo angeyajutia kanisani. Kabla hajayatoa, kamba ilimvuta mkono.

Tyson alikuwa amemaliza kusimama. Aligeuza shingo kutoka lango la mabati, akaiacha barabara, akaanza kuteremka kushoto.

Huko kulikuwa na kivuko cha zamani cha ng'ombe, cha kabla ya daraja kujengwa. Nabwire alikikumbuka tangu alipoolewa: pori tupu, miiba na magugu ya kumzidi mtu kimo, hakuna aliyepita huko tena. Sasa palikuwa na njia. Ilikuwa nyembamba, ya kumtosha mtu mmoja na ng'ombe mmoja, na katikati yake udongo ulikuwa umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu iliyosiribwa vizuri. Jani halikuota hapo. Hakuna panga lililokuwa limepita, kwani magugu ya pembeni hayakukatwa, yalikuwa yamelazwa tu na kuzoea kulala. Ukingoni mwa mto alama za kwato zilikuwa juu ya alama za kwato, na kando yake nyayo za viatu vya Makhanu, kile cha kushoto kilicholika kisigino, mbichi juu ya kuukuu, zikienda na kurudi.

Alisimama akaziangalia. Hakuna mtu anayeweza kutengeneza njia hiyo kwa siku moja ili amdanganye mkewe.

Tyson aliingia majini bila kusita na Nabwire akamfuata, viatu vyake vya plastiki vikajaa, leso aliyojifunga ikalowa hadi magotini. Maji yalikuwa baridi. Daraja lilikuwa pale pale, hatua chache juu yao, kavu na zuri, na mwanamume mmoja aliyeegemea ukuta wake na kikombe mkononi aliwatazama wakivuka kama watu waliokosa akili. Hapo Nabwire alianza kulia, si kwa sauti, machozi tu, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye kamba. Walipanda hadi uwanja wa mafahali, wakauzunguka, wakarudi kwa njia ile ile ya majini. Pale njia panda Tyson alisimama tena kidogo, akaangalia lango, akaendelea nyumbani.

Ungedhani usiku ule Nabwire alilala. Hakulala. Alikuwa na tabia yake naye ya kushuku, ameijenga jioni baada ya jioni mlangoni, na tabia haikubali kufukuzwa kwa kuvuka mto mara moja. Aliamini habari za kivuko. Lakini Lugari hapakuwa na kivuko. Lugari palikuwa na mtungi katikati ya nyumba, na mrija wa ziada.

Jumamosi Khasandi alipiga simu tangu asubuhi. "Unakuja ama mwalimu aingie?"

"Nitakwambia jioni."

"Kila siku jioni."

"Jioni, Khasandi."

Makhanu alifika jua likiwa bado juu, amechakaa kwa vumbi la safari, koti limebadilika rangi. Hakuingia ndani moja kwa moja. Alipita nyuma ya nyumba kwanza, na Nabwire, aliyekuwa akipembua maharagwe kizingitini, alimsikia akimpapasa Tyson mgongoni.

"Alitembea?" aliuliza kutoka huko.

"Alitembea."

"Lihanda alimpitisha wapi?"

"Alipitia njia yake."

Nabwire alijua anachokiona pale nyuma. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vimeegemezwa ukutani na tope la mtoni likiwa bado limeshika kwenye nyayo, na leso ilikuwa kwenye kamba, ina mstari wa tope usawa wa magoti. Alikuwa ameviacha hapo kwa makusudi. Hakuwa na maneno, na baada ya kumnyima mwenzake maneno muda wote ule, aliona haya kuanza yeye kuyatumia.

Makhanu alitokea pembeni mwa nyumba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa bila nguo. Alikuja hadi kizingitini akasimama mbele yake, akainama kidogo ili asimsumbue kunyoosha shingo.

"Haya," akasema. "Nusa."

Nabwire aliinamia maharagwe yake. "Ninuse nini?"

"Unachonusanga."

Akashusha ile pumzi yake ndefu. Nabwire akanusa, asingeweza kutonusa. Ilikuwa harufu ya dizeli, mahindi ya kuchoma, na mtu aliyefanya kazi siku mbili bila kuoga.

"Mtungi ulikuwako?" aliuliza.

"Ulikuwako. Nililala kwenye trela nje. Asubuhi niliamka nikatembea kwenye mahindi mpaka mwisho wa shamba, nikarudi. Walifikiri nimepotelewa na kitu."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua. Mambo haya ya koti."

"Mama Mmbone." Makhanu alijaribu kutabasamu na hakufaulu. "Nani huvaa koti kiangazi? Nililitoa kwa sanduku siku ya kwanza kabisa, ile jioni nilianza na Tyson. Ulikuwa umekataa maneno. Nikaona utataka kunusa na utaona haya kunusa bure. Nikasema wacha nivae kitu cha kupokelewa."

Nabwire alitazama koti lile. Alitazama kola iliyolika kwa jasho, jasho la jioni zote zile, na mifuko aliyokuwa ameipekua hadi bitana ikaachia. Alitaka kusema nisamehe, lakini neno hilo lilikuwa limetumiwa sana katika nyumba ile na halikuwa na nguvu tena kwa yeyote kati yao.

Simu iliita ndani. Aliinuka akaipokea.

"Mpe mwalimu chumba," alisema.

"Umemwamini?" Sauti ya Khasandi ilipanda. "Nabwire, umemwamini mtu huyo tena?"

Nabwire alifikiri, maana hakutaka kudanganya siku kama ile. "Leo, ndiyo," akasema. "Kesho nitaangalia tena."

Akakata simu. Alipotoka nje Makhanu alikuwa ameshachukua kamba na Tyson alikuwa anaelekea langoni kwa mwendo wake. Nabwire alienda ukutani akavaa viatu vyake, bado vibichi kwa ndani, akakaza leso kiunoni. Makhanu alimngoja. Koti alikuwa amelivua, analo mkononi, hajui aliweke wapi, kwani joto lilikuwa kali na siri ilikuwa imekwisha.

"Vaa," Nabwire alimwambia. "Tukirudi nitalipokea."